Jumamosi ya Vyungu Lyulilo

Leo tunashuka hadi kusini-magharibi mwa nchi, wilayani Kyela, pale Ziwa Nyasa linapoanzia. Ukiwauliza watu historia ya Kyela, mara nyingi utatajiwa mambo yaleyale: Wajerumani, wamisionari, meli, machifu, na siku hizi mchele na kakao. Yote ni kweli na yote yana nafasi yake. Lakini mimi leo nataka tuanzie mahali padogo, ambapo ramani nyingi hata hazipataji. Panaitwa Lyulilo.

Lyulilo ni kijiji cha ufukweni, mashariki kidogo ya Matema. Ukitoka Matema unakwenda kwa miguu kandokando ya maji, ziwa likiwa mkono wako wa kulia, na mbele yako Milima ya Livingstone imesimama wima. Ziwa lenyewe liko karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari, na ile milima inapanda kupita mita 2,000, tena inapandia palepale majini, haikuachii nafasi ya kuzoea. Kwa gari, safari inaishia upande huu. Ukitaka kuendelea hadi Ikombe, kijiji cha Wakisi kilicho nyuma ya ile miamba, unachukua mtumbwi, au unafuata njia ya miguu inayopanda na kushuka kwenye mawe.

Na huko Ikombe ndiko vinakotoka vyungu. Siku ya Jumamosi mitumbwi inaingia Lyulilo ikiwa imesheheni. Vyungu vimepangwa kimoja juu ya kingine na kutandikiwa nyasi kavu ili visigongane, vikubwa chini, vidogo juu, na mwenye kupiga kasia anasogea taratibu, kwa sababu wimbi moja baya linaweza kuondoka na kazi ya wiki nzima. Mtumbwi ukigusa mchanga, wanawake wanashuka na maji yakiwafika magotini, wanavipokezana vyungu mkono kwa mkono, na kabla jua halijawa kali ufuko umejaa: mitungi ya maji, vyungu vya kupikia maharage, vyungu vipana vya samaki, vibakuli, na vile vikubwa vya pombe ambavyo mtu mmoja hawezi kuvinyanyua peke yake.

Mnunuzi anayejua kazi haangalii urembo kwanza. Anakishika chungu mdomoni, anakiinua kidogo kutoka chini, kisha anakigonga kwa kifundo cha kidole. Chungu kizima kinalia, sauti inakwenda na kurudi. Chenye ufa, hata kama ufa wenyewe hauonekani kwa macho, kinatoa mlio mfupi uliokufa. Muuzaji naye anausikia. Hapo hakuna maneno mengi: bei inashuka, au chungu kinawekwa kando. Wafinyanzi wazuri hawangoji mnunuzi agonge. Wamekwisha gonga wao nyumbani, na chenye ufa hakikupanda mtumbwi.

Nimesema wafinyanzi. Kwa Wakisi, ufinyanzi ni kazi ya wanawake. Wanaume ni wavuvi. Binti anajifunza kwa mama yake au kwa bibi yake, anaanza na vitu vidogo, anaharibu, anarudia. Hawatumii gurudumu la mfinyanzi. Udongo unachimbwa, unatolewa mawe, unakandwa hadi ukubali, kisha chungu kinainuliwa kwa mikono mitupu, kikizungushwa kidogo kidogo huku kuta zikisawazishwa. Kikianza kukauka kinakwanguliwa ili kiwe chepesi, na hapa ndipo Wakisi wanapowazidi wengi, maana chungu chao kina kuta nyembamba kuliko unavyotegemea kwa ukubwa wake. Kinapakwa udongo mweupe wa rangi ya maziwa yaliyolala, kinatiwa nakshi kwa ngeu nyekundu, kinasuguliwa kwa kokoto ya ziwani hadi kinang'aa. Mwisho kinachomwa mahali pa wazi, na siku hiyo mfinyanzi anakuwa na macho juu ya mbingu, kwa sababu Kyela ni nchi ya mvua nyingi na mvua haiwahurumii wafinyanzi.

Swali ninalotaka tulitafakari ni hili: kwa nini Wakisi? Kwa nini watu wachache namna ile, waliobanwa kati ya maji na mwamba, ndio waliojaza jikoni mwa nchi nzima iliyowazunguka?

Jibu, kwa maoni yangu, liko kwenye ardhi. Tazama nchi ya Wakisi. Kuanzia Ikombe kwenda kusini, kupita Lumbila hadi Lupingu huko wilayani Ludewa, wanaishi kwenye ukanda mwembamba wa ufuko chini ya milima. Shamba la mtu ni kipande cha mteremko, muhogo umeotea kati ya mawe. Nchi ya namna hiyo haimlishi mtu mwaka mzima. Lakini ng'ambo kidogo tu, kwenye tambarare ya Kyela, hali ni kinyume chake. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo imeshusha rutuba kutoka nyanda za juu kwa maelfu ya miaka. Migomba inaota, mpunga unaota, ng'ombe wanashiba. Mnyakyusa, mwenyeji wa tambarare hiyo, ana chakula cha kutosha. Mkisi ana udongo, ana samaki, na ana mikono. Basi, wakakutana. Wahenga wanasema mfinyanzi hulia gaeni, na kwa Ikombe msemo huo una uzito wake, kwa sababu chungu kizuri kilikuwa ni chakula: ukikiweka nyumbani kwako, watoto watalala na njaa. Chungu kizuri lazima kivuke maji.

Kulikuwa na wa tatu katika mkutano huo. Juu ya milima ileile, kwenye baridi ya nchi ambayo leo ni wilaya ya Makete, wanaishi Wakinga. Zamani Wakinga walikuwa wahunzi. Walishuka kwenye vijia vya mlimani wakiwa na majembe ya chuma na silaha, wakarudi na chakula. Jembe la Mkinga lililima shamba la Mnyakyusa. Mazao ya shamba hilo yakapikwa kwenye chungu cha Mkisi. Wataalamu wa uchumi wana majina yao kwa mambo kama haya. Mimi naona inatosha kusema kwamba hakuna hata mmoja wa hao watatu aliyeweza kumdharau mwenzake siku ya soko. Na Wakinga hawajaacha ile tabia ya kushuka mlimani kutafuta biashara: leo utawakuta wameshika maduka Mbeya, Makambako, hadi Kariakoo.

Uhusiano huo haukuishia kwenye mali. Karibu na Matema, kwenye miamba ya upande wa Wakisi, kuna pango ambalo Wanyakyusa wa zamani walilitambua kuwa makao ya Kyala, mmoja wa mashujaa wa masimulizi walioombwa dua. Kulikuwa na mahali pengine patakatifu, Lubaga huko Rungwe, makao ya Lwembe, shujaa mwingine wa namna hiyo, na masimulizi yanawaleta Lwembe na Kyala kutoka nchi ya Wakinga. Kwa hiyo Mnyakyusa wa tambarare, alipotaka kuomba mvua au kuondolewa balaa, macho yake yaliangalia mlimani na kwenye miamba ya ziwani, kwa watu aliowazoea sokoni kama wauza majembe na wauza vyungu. Wamisionari walipofika, jina la Kyala ndilo walilolichukua kumwita Mungu, na ndilo linaloimbwa makanisani hadi leo.

Sasa twende kwa Wanyakyusa wenyewe, maana wao ndio wengi, na mila zao ndizo zilizoipa Kyela sura yake.

Mwaka 1934 alifika huko kijana wa Kiingereza, Godfrey Wilson, na baadaye mke wake Monica, mwenye asili ya Afrika Kusini. Walikaa na Wanyakyusa, kwa kwenda na kurudi, hadi mwaka 1938. Godfrey alifariki mwaka 1944. Monica akaendelea peke yake kuyaandika yale waliyoyaona, na mwaka 1951 akatoa kitabu kilichosomwa duniani kote, kiitwacho Good Company. Kitabu hicho kinaeleza jambo ambalo wataalamu wa Ulaya hawakuwa wamewahi kuliona mahali pengine kwa namna ile: vijiji vya rika.

Kwa Wanyakyusa, watu hawakukaa kijiji kimoja kwa sababu ya ukoo. Walikaa kwa sababu ya umri. Mvulana akifikisha kama miaka kumi, baada ya muda wa kuchunga ng'ombe wa baba yake na wenzake, walitoka na kujenga vibanda vyao pembeni mwa kijiji cha wazazi. Walirudi kula kwa mama zao, tena kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Wakikua, wakioa, kile kijiji cha wavulana kinakuwa kijiji cha wanaume wazima, na wake zao wanakuja hapo. Lilikuwa ni jambo la heshima pia: mkwe wa kike na baba mkwe hawakutakiwa kukutana uso kwa uso, na wapi pa kukwepana kama mnalala kwenye uwanja mmoja?

Kisha ikaja siku ya ubusoka. Kila baada ya kizazi kimoja, kama miaka thelathini hivi, wazee waliwakabidhi vijana nchi. Watoto wa chifu walitolewa nje rasmi, moto mpya ukawashwa, ng'ombe wakachinjwa, vijiji vikapangwa upya, na utawala ukagawanywa. Wazee wakasogea pembeni. Ndugu msikilizaji, hebu lifikirie jambo hilo: nchi ambayo mila yake yenyewe inamwambia mwenye madaraka kwamba muda wako umefika, sogea, mwanao anasubiri. Hakuna katiba iliyoandikwa, hakuna mahakama, ila watu wote wanajua.

Wapo wataalamu waliokuja baadaye wakabishana na Monica Wilson. Simon Charsley, kwa mfano, katika kitabu chake cha mwaka 1969, aliona kwamba mpangilio wenyewe haukuwa nadhifu kama ulivyoandikwa. Ni ubishi wenye faida. Lakini hata wanaobishana hawakatai kwamba kwa Mnyakyusa kula na kuzungumza na wa rika lako, ule ukwangala, lilikuwa jambo la msingi. Mtu aliyekula peke yake alitiliwa shaka. Ukarimu haukuwa sifa ya ziada. Ulikuwa ndio ushahidi kwamba wewe ni mtu mwema.

Na hapa nataka nimtaje mtu mmoja ambaye jina lake halikuwekwa kwenye jalada la kitabu. Ni Leonard Mwaisumo, Mnyakyusa aliyekuwa karani wa akina Wilson. Yeye aliwafundisha lugha, akawaandikia maelezo, akawaeleza nini kinasemwa na nini hakisemwi mbele ya nani. Bila watu kama yeye, msomi wa kigeni angerudi kwao na daftari lililojaa picha za watu asiowaelewa. Nashukuru kwamba katika miaka ya karibuni watafiti wameanza kuwarudishia wasaidizi kama Mwaisumo haki yao.

Sasa rudisha chungu katikati ya hayo yote. Kimpumu, ile pombe ya ulezi ya Wanyakyusa, haiandaliwi kwenye viganja. Inawekwa kwenye chungu kikubwa, wanaume wa rika moja wanakizunguka, kila mmoja na mrija wake, na mazungumzo yanaanza. Msibani, maana msiba wa Kinyakyusa ulikuwa mkutano wa siku kadhaa, wenye ngoma na kuchinja ng'ombe, ndizi zilipikwa kwenye vyungu. Harusini, vyungu. Siku ya ubusoka, vyungu. Kwa hiyo mwanamke wa Ikombe, ambaye labda hakuwahi kukanyaga Rungwe maisha yake yote, alikuwepo kwenye kila kikao kilichoijenga nchi ya Wanyakyusa. Mikono yake ilikuwepo. Hakualikwa, hakutajwa, ila bila yeye wale wanaume wangekaa wakitazamana na midomo mikavu.

Hili ndilo ninalolishikilia leo: historia ya Kyela imejengwa na watu waliopelekeana vitu, si na wale tu waliopeana amri.

Amri nazo zilikuja, na nitazipitia kwa haraka, kwa sababu vitabu vimekwisha zisema vya kutosha. Mwishoni mwa karne ya 19 kaskazini mwa ziwa palikuwa pamechafuka. Upande wa Karonga, mfanyabiashara wa watumwa aliyeitwa Mlozi aliwavamia Wangonde mwaka 1887, na Wangonde na Wanyakyusa ni ndugu, lugha yao karibu ni moja. Vita vyake na Waingereza vilikwisha mwaka 1895, aliponyongwa. Upande wetu, mwaka 1891, wamisionari wa Kijerumani walifika kwa makundi mawili: Wamoravian wakaanzia Rungwe, na wale wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, wakachukua upande wa mashariki. Hawa wa Berlin ndio waliokuja kufungua vituo Ikombe na Matema. Serikali ya Kijerumani nayo ikajenga boma ufukweni, huko kwenye ghuba ya Lumbila, katika nchi ya Wakisi, wakaliita Langenburg, kabla ya kuhamia kwenye baridi ya Tukuyu. Ziwani wakawa na meli pia, Hermann von Wissmann.

Meli hiyo ina sifa yake. Tarehe 13 Agosti 1914, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko Liuli, ilipigwa mzinga na meli ya Waingereza, Gwendolen, na tukio hilo linahesabiwa kuwa miongoni mwa mapigano ya kwanza kabisa ya majini katika Vita Kuu ya Kwanza. Wanafunzi wa historia wanalijua. Mizinga michache ya asubuhi moja imeingia vitabuni. Safari za mitumbwi ya vyungu, zilizopita kwenye maji hayohayo kabla ya vita, wakati wa vita na baada ya vita, hazina ukurasa hata mmoja kwenye vitabu vya shule.

Vita ilipowaondoa wamisionari wa Kijerumani, Waskoti wa misheni ya Livingstonia walisaidia kuangalia makanisa, lakini kazi ya kila siku ilibaki mikononi mwa walimu na wazee wa usharika wa hapohapo. Ni wao walioendelea kufundisha kusoma, kuzika, kubatiza watoto kwa utaratibu waliouweza, hadi Wajerumani waliporudi katika miaka ya 1920. Leo Matema ina hospitali ya Kilutheri chini ya Dayosisi ya Konde, na watu wa milimani na wa ziwani wanaitegemea. Msingi wake haukuwekwa na wageni peke yao.

Jambo lililoibadilisha Kyela kwa undani zaidi, naona, ni safari za wanaume. Dhahabu ilipopatikana Lupa, huko Chunya, katika miaka ya 1920, vijana wa Kinyakyusa walikwenda kwa maelfu. Baadaye wakaenda mbali zaidi, kwenye migodi ya shaba ya Zambia ya leo, na Afrika Kusini kwa mkataba wa Wenela, shirika lililoajiri watu wa migodini. Ukikaa na wazee wa Kyela huwezi kumaliza jioni bila kusikia neno hilo. Walirudi na mablanketi, baiskeli, gramafoni, na sufuria. Ile sufuria ilikuwa mgeni mkubwa. Haivunjiki mtoto akiiangusha, inachemka haraka, inabebeka. Vijiji vya rika navyo vikaanza kulegea, kwa sababu kijana mwenye fedha yake hakungoja tena ubusoka ili awe mtu mzima, na shamba la mpunga na la kahawa likamfanya kila mtu aanze kuuliza mpaka wake uko wapi.

Pamoja na hayo, vyungu havikukoma. Hili linanistaajabisha kuliko yote. Sufuria imeingia, ndoo ya plastiki imeingia, na bado Jumamosi mitumbwi inafika Lyulilo. Kwa nini? Waulize wapishi. Watakuambia maharage ya chunguni yana ladha ambayo sufuria haiwezi kuyapa. Watakuambia mbasa, yule samaki wa Ziwa Nyasa anayepanda mito wakati wa mvua kwenda kutaga, akipikwa taratibu kwenye chungu kipana nyama yake haipondeki. Watakuambia maji ya mtungi yana ubaridi wa asili, na Kyela joto lake mnalijua. Na wafanyabiashara wanaonunua kwa jumla Lyulilo wanavipakia kwenye magari kwenda Kyela mjini, Tukuyu na Mbeya, na wengine wanakwenda mbali zaidi ya hapo. Barabara ya lami kutoka Kikusya kupitia Ipinda hadi Matema, kilometa 39 hivi, imewarahisishia sana. Zamani chungu kilichopona ziwani kiliweza kuvunjikia barabarani.

Lakini barabara haifiki Ikombe. Mwanamke anayefinyanga bado anaamua mwenyewe kama ziwa la leo linapitika, na upepo wa kusi ukivuma kwa hasira hapiti mtu. Akikosa Jumamosi moja, mnunuzi wa jumla anarudi Mbeya na gari tupu, na yeye anarudi nyumbani na vyungu vyake. Akifika siku ambayo wenzake wote wamefika, bei inaanguka, na mwenye gari ndiye anayepanga. Sisemi hivyo kumlaumu mwenye gari. Naye ana mafuta na ushuru wa kulipa. Nasema kwa sababu chungu unachokiona kando ya barabara kuu Mbeya, kikiuzwa bei nzuri kwa msafiri, sehemu ndogo sana ya fedha hiyo imerudi kuvuka maji.

Na kuna deni jingine, la kumbukumbu. Katika miaka ya 1970, mtaalamu wetu wa mambo ya kale, S. A. C. Waane, alikwenda kuutafiti ufinyanzi wa Wakisi wa Ikombe. Alifanya kazi ya heshima. Utafiti wake ulichapishwa katika Baessler-Archiv, jarida la makumbusho huko Berlin, kwa Kiingereza. Nchi iliyoleta wamisionari Ikombe ndiyo iliyohifadhi pia maandishi kuhusu vyungu vya Ikombe. Mwalimu wa Ipinda au Matema anayetaka kuwasomea watoto wake habari za bibi zao hawezi kuupata utafiti huo kirahisi, na akiupata, watoto wa darasa la nne hawatauelewa. Kitabu cha Monica Wilson nacho ni hivyohivyo. Tumesomwa sana, ndugu zangu, lakini tumejisoma kidogo.

Wakati huohuo, wanaojua wanaondoka. Mfinyanzi mzee akifariki, anaondoka na ujuzi wa wapi udongo mzuri unachimbwa, nani alikuwa wa kwanza kutumia nakshi ile, mwaka gani mtumbwi fulani ulipinduka na nani aliokolewa. Mabinti wengi wanasoma, na hilo ni jema, wala simwombi binti yeyote aache shule ili akakande udongo. Ninachosema ni kwamba shule yenyewe ingeweza kumsikiliza bibi.

Basi nina maombi, na nayasema kwa moyo wangu wote. Walimu wa shule za Matema, Ipinda, Mwaya na Kyela mjini: wapelekeni wanafunzi Lyulilo Jumamosi moja, na daftari mikononi. Wasiende kupiga picha za ziwa. Waende kuuliza: mama, jina lako nani, ulifundishwa na nani, naye alifundishwa na nani. Majina matatu tu kwa kila mfinyanzi, yaandikwe kwa Kiswahili, yawekwe maktaba ya shule. Halmashauri ya Wilaya ya Kyela: mnapopanga mabanda ya soko na gati, wakumbukeni wanaoshuka na maji magotini, na mkae nao kikao kabla ya kuchora ramani. Sharika zenye madaftari ya zamani ya ubatizo na ndoa, yatunzeni yasiliwe na mchwa, kwa sababu humo mna majina ya wanawake wa Ikombe ambayo hayapo mahali pengine popote.

Na wewe msikilizaji uliyeko Mbeya, Dodoma au Dar es Salaam, ukikuta chungu cha rangi ya maziwa chenye nakshi nyekundu, kigonge kwanza, usikie kinavyolia. Kisha mwulize muuzaji kimefinyangwa na nani. Huenda asijue. Mwambie safari ijayo aulize, na alete jina pamoja na chungu.